Perege wa Tumsifu

Ukipita Hombolo leo ukauliza habari za dawa ya viluwiluwi, kuna atakayekuambia ni dawa nzuri, na kuna atakayekuambia ndiyo iliyoua samaki wa Elieza. Huyo wa pili mwambie aje kwangu. Mimi ni Hilda, dada yake Elieza wa tumbo moja, na bwawa lenyewe liko nyuma ya jiko langu. Nimechoka kusikia habari za nyumba yetu kutoka kwa watu ambao siku hiyo walikuwa Ipagala wakinunua sabuni.

Bwawa hilo Elieza alilichimba kwa mikono yake, pembeni mwa shamba lake la zabibu, mahali penye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Akapandikiza perege, nia yake wakikua awauze. Lakini alikuwa na binti mmoja, Tumsifu, mtoto wa miaka sita mwenye amri kuliko mwenyekiti wa mtaa. Tumsifu aliwachukua wale samaki wakawa wake. Kila asubuhi alibeba bakuli la bati la mama yake, akatia pumba, akasimama ukingoni na kuligonga kwa kijiko. Samaki walikuja. Maji yalichemka kwa vichwa vyao, midomo wazi, na yeye akawamwagia pumba huku akiwagombeza wale wakubwa wawaachie wadogo. Penina, mama yake, alikuwa akilalamika kwamba bakuli lake zuri linabonyezwa. Tumsifu alimjibu kwamba samaki hawaujui mlio wa bakuli lingine, kwa hiyo hakuna la kufanya.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, mtoto akashikwa na homa. Asubuhi alikuwa moto, mchana akaanza kuongea na watu ambao hawakuwepo. Korongo la njia ya zahanati lilikuwa limejaa maji, pikipiki haipiti. Yotham, jirani yetu, rafiki wa Elieza tangu walipokuwa wakichunga pamoja, alimpakata Tumsifu, akamweka begani, akaingia majini. Maji yalimfika kifuani. Elieza alifuata nyuma yake akimshika shati. Walivuka, wakafika zahanati, na kutoka zahanati wakapelekwa hospitali mjini. Malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Kesho yake walimrudisha amefunikwa shuka, na Yotham huyohuyo ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini.

Kwenye msiba kuna mtu alisema mbu wale wametoka kwenye bwawa la Elieza. Alisema huku ameshika sahani ya wali wetu. Sitamtaja, anajijua. Mimi nilimnyang'anya ile sahani nikampa mbwa, na sijaomba radhi mpaka leo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na ndugu yangu alikuwa amelisikia.

Matanga yalipokwisha Elieza alichukua sepetu akaenda kulifukia bwawa. Nilimtazama kutoka jikoni. Alichota udongo wa kwanza, na alipokanyaga ukingoni samaki wakasikia kishindo, wakaja wote wakidhani wameletewa pumba. Alisimama pale na ule udongo kwenye sepetu mpaka mikono ikamchoka. Kisha akaumwaga pembeni, si majini. Siku iliyofuata alikwenda tena, ikawa vilevile. Alikuja kukaa kwenye kizingiti changu akaniambia, "Dada, nikiliacha litaua mtoto wa mtu mwingine. Nikilifukia ninamzika Tumsifu mara ya pili." Nilimpa uji, hakuunywa.

Hapo ndipo alipokuja Evodia, bibi afya mpya wa kata, msichana wa Bukoba mwenye viatu visivyofaa kwa mavumbi yetu. Nilimpokea vibaya, nasema kweli. Alisema shikamoo, nikaitikia kwa pua. Kwa nini aje sasa, mtoto akiwa ameshaoza? Yeye hakujitetea. Alisema pole, akaenda ukingoni, akachota maji kwa upawa kwenye majani, akatuonyesha. Viluwiluwi walikuwa wakijinyonga mle ndani, weusi, wengi.

"Katikati ya bwawa samaki wanawala," alisema. "Hapa kwenye majani hawafiki. Si lazima mlifukie. Kuna dawa."

Elieza hakuuliza bei wala hakuuliza inatoka wapi. Aliuliza, "Na samaki?"

Evodia akaeleza taratibu. Dawa yenyewe ni bakteria, mdudu mdogo usiyeweza kumwona. Kiluwiluwi anamla pamoja na uchafu wa majini, na sumu yake inafunguka ndani ya utumbo wa kiluwiluwi, inautoboa. Tumbo la samaki si la namna hiyo. Kwake inapita kama chakula kingine. Alisema wataalamu wamewajaribu perege, wamewajaribu kambale, kwa kipimo kikubwa kuliko hiki, na samaki wakaendelea kula na kuzaa.

"Wataalamu siwajui," Elieza akasema.

"Basi tujaribu hapa, baba."

Aliomba beseni. Akatia maji ya bwawa, akatia viluwiluwi kwa upawa, na Elieza akachagua perege watatu wadogo. Wadogo, nadhani, kwa sababu wale wakubwa Tumsifu alikuwa amewapa majina. Evodia akadondosha dawa yake, ya rangi ya chai ya maziwa, inanuka kama togwa iliyolala. Elieza aliweka kiti kando ya beseni lile akakesha hapo. Jua lilipochomoza siku ya pili viluwiluwi walikuwa wamelala chini kama majani ya chai, na perege watatu walikuwa wakizunguka. Ndugu yangu akaingia ndani, akatoka na lile bakuli la bati. Akaligonga kwa kijiko. Wale watatu wakapandisha vichwa.

Siku hiyo alikula. Penina alilia jikoni akisonga ugali, akaniambia, "Wifi, leo ameomba mboga." Mimi nikamtafuta Evodia kwa simu nikamwambia shikamoo yake nimeiitikia upya. Alicheka.

Evodia alimpa sharti moja tu. Bomba la kupulizia liwe la dawa hiyo peke yake. Lisitumike kwa salfa ya zabibu, wala kwa dawa ya kupe ya mbuzi wake, maana dawa ya kupe hata tone dogo ni kifo kwa samaki. Elieza alinunua bomba jipya la mgongoni, la njano, akafunga kitambaa chekundu kwenye mkanda wake ili watu wajue. Kila baada ya muda alilivaa akazunguka ukingo akipulizia majani. Mbu walipungua, hata mimi niliona. Jioni tuliweza kukaa nje tukachambua mlenda bila kujipiga makofi. Na kila asubuhi nilisikia bakuli linagongwa.

Watu wakaanza kuja kutazama. Batholomeo, ambaye ana mabwawa makubwa kuliko letu na kichwa kigumu kuliko udongo wake, alisema atangoja mpaka mkutano wa mtaa kabla ya mvua. Samaki wa Elieza wakiwa hai siku hiyo, yeye naye atakubali dawa, na lile lambo la kunyweshea ng'ombe litatiwa pia. Wengine wote walikuwa wanamtazama Batholomeo. Elieza alilichukulia jambo hilo kama kazi aliyopewa na mwanawe. Aliniambia mvua zijazo hakuna mtoto atakayevushwa korongo begani.

Sasa nikueleze kuhusu Yotham. Kwetu chombo cha mtu hukirudishi kikiwa kitupu. Ukiletewa mlenda kwenye bakuli, bakuli linarudi na karanga, au konzi ya uwele, na ukikosa kabisa unatia chumvi, wala huisemi, mwenyewe ataikuta. Wote tunafanya hivyo, lakini Yotham alizidisha. Aliazima jembe letu, likarudi na boga limefungwa kwenye mpini. Aliazima ngazi, ikarudi na jogoo amefungwa kwenye mguu wa ngazi. Nilimwambia, "Yotham, siku ukiazima kitanda utaturudishia na mgonjwa juu yake." Alicheka mpaka akakaa chini. Ni mtu wa namna hiyo. Hajui kupokea bila kutoa, na nadhani tangu siku ya korongo alikuwa anahisi ana deni kwetu, eti alichelewa, eti angekimbia zaidi.

Mwezi wa tisa kupe waliwavamia ndama wake, wawili wakafa. Bomba lake lilikuwa limepasuka. Alikuja kwa Elieza kuomba la njano. Mimi nilikuwepo. Elieza alikitazama kile kitambaa chekundu. Lakini utamnyima vipi mtu aliyembeba mwanao?

"Ukimaliza lioshe, Yotham," alimwambia. "Lioshe sana."

"Nitaliosha kama chungu cha mkwe," Yotham akasema.

Na aliliosha. Watu walimwona kisimani akilisugua kwa mchanga na sabuni, akilisuuza, akalianika juani. Akalibeba mgongoni kupita katikati ya soko kulirudisha, linang'aa.

Siku iliyofuata Elieza aliamka na mafua, pua imeziba kabisa, maana upepo wa mwezi huo unatulisha vumbi kuliko ugali. Alifungua bomba, akaona maji kidogo chini. Akasema moyoni, Yotham amelisuuza, halijakauka. Akatia maji, akatia dawa ya Evodia, akalivaa, akazunguka ukingo kama kawaida yake. Kisha akaingia shambani kupogoa zabibu.

Mimi ndiye niliyewaona kwanza. Nilikuwa nimekwenda kumwaga maji machafu. Samaki walikuwa juu ya maji wakizunguka kama walevi, wanajigonga wenyewe kwa wenyewe, wengine ubavu juu. Nilimwita Elieza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena. Alikuja mbio, akajitosa na nguo zake. Akawashika mmoja mmoja, akiwasukuma mbele na nyuma majini ili wapumue. Wakamfia mikononi. Penina alikuja na lile bakuli, sijui alifikiri nini, akaanza kuligonga. Akagonga, akagonga. Nilimpokonya kijiko.

Jua lilipokuwa utosini bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo yao. Majirani walikuja kama watu wanavyokuja msibani, wanawake wakijifunga khanga kiunoni, na Yotham akatangulia kuingia majini kuwaokota. Alilia kwa kwikwi huku akiwaweka kwenye kikapu. Batholomeo alisimama ukingoni, mikono nyuma, akasema, "Basi nimeona." Akaondoka. Na wote wakawa wameona.

Evodia alifika mchana. Alichota maji kwa upawa wake, akayatazama kwa muda mrefu. Akatuonyesha mende wa majini waliokufa, wale weusi wanaopiga kasia, na kerengende wachanga, na buibui wa ukingoni. "Dawa yangu haigusi hawa," alisema. "Kuna kitu kingine kimeingia humu." Lakini alikuwa mgeni, viatu vyake vimejaa tope, na samaki walikuwa wamelala palepale kwenye vikapu. Mama mmoja alimwambia aende akajaribie dawa zake kwao Bukoba. Msichana wa watu akamwaga maji ya upawa, akaondoka. Roho iliniuma.

Jioni nilichukua shati la Elieza nilifue. Mgongoni, pale bomba linapovuja kidogo, palikuwa na harufu. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Harufu ya josho naijua hata nikiwa nimelala. Nilitoka nalo mpaka alipokuwa amekaa.

"Elieza, hii ni dawa ya kupe."

"Najua."

"Yotham."

"Nyamaza, dada."

"Ninyamaze? Wewe unaambiwa umeua samaki wako, yule binti anafukuzwa kama mwizi, mvua zinakuja..."

"Alimbeba," akasema. "Mimi nilishindwa kuingia yale maji mpaka alipoingia yeye. Nyamaza."

Sikunyamaza. Nilifunga khanga nikaenda kwa Yotham, nina maneno yangu yamejaa mdomoni, mengine ya Kigogo kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Nilimkuta amekaa kwenye kigogo, hajanawa, magamba ya samaki yamemkaukia mikononi. Aliponiona akasimama, akanipa kile kigogo nikae.

"Dada Hilda," alisema kabla sijafungua mdomo, "nimefikiri sana jinsi ya kumfariji ndugu yangu. Sina kitu. Hata ile dawa ya kupe niliyomtilia kwenye bomba najua ni kidogo, haitoshi mbuzi wake wote. Ilikuwa iliyobaki chupani, nikaizimua na maji. Niliona aibu kumrudishia bomba tupu, naye amenisaidia ndama zangu. Ameiona lakini?"

Maneno yangu yote yalikwisha. Nilimtazama yule mtu na mikono yake yenye magamba. Aliliosha bomba likatakata. Angelirudisha hivyohivyo, samaki wangekuwa hai. Lakini alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyowaua. Niliomba maji ya kunywa. Akaniletea, nikayanywa, nikamwambia Elieza ameiona. Nikarudi nyumbani nikalia peke yangu nyuma ya banda la mbuzi.

Mkutano wa mtaa ulifanyika siku mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya. Evodia alikuwepo, amekaa pembeni na hakuna aliyekaa karibu naye. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno kuhusu dawa ya viluwiluwi. Batholomeo akasema neno la nini, wakati tumezika samaki wa mwenzetu vikapu kwa vikapu. Watu wakaguna kumuunga mkono. Mwenyekiti alikuwa anataka kulifunga shauri hilo, ndipo ndugu yangu akasimama. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Dawa ya bibi afya haina kosa," alisema. "Kosa ni langu. Nilipulizia mbuzi wangu dawa ya kupe kwa bomba lile, nikasahau kulimwaga. Niliingiza dawa ya kupe bwawani kwa mkono wangu mwenyewe. Niwaombe, msiliache lambo hivihivi kwa sababu ya uzembe wangu. Mimi nina kaburi moja pale nyumbani. Linatosha."

Ndugu yangu hajui kusema uongo, tangu utotoni masikio yake yanamsaliti, na kila mtu pale alikuwa amemwona aliyepita sokoni na bomba la njano mgongoni. Hakuna aliyegeuza kichwa. Nawasifu kwa hilo, hata Batholomeo. Watu wote waliangalia chini, kwenye vidole vya miguu yao.

Yotham alikuwa amekaa mbele. Niliona mgongo wake ukiinama taratibu, kama mtu anayetwishwa gunia. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, akaivua tena, akatoka bila kuaga. Elieza alitaka kumfuata, mwenyekiti akamshika mkono, maana walikuwa wanapiga kura. Dawa ilipita. Batholomeo alinyoosha mkono nusu, lakini alinyoosha.

Mvua zilikuja. Lambo lilitiwa dawa, na mabwawa ya Batholomeo pia, na samaki wake wapo mpaka leo, wanene kama yeye. Sitasema malaria imeisha Hombolo, sipendi kudanganya. Nitasema tu kwamba msimu ule hakuna mtoto aliyevushwa korongo begani. Elieza aliyaacha maji ya zamani yakauke, akasafisha, akatia vifaranga vipya vya perege. Aligonga bakuli siku ya kwanza. Hawakuja. Hawamjui Tumsifu, wala bakuli lake, na yeye hakuligonga tena.

Yotham alikuwa hatutembelei. Tukikutana njiani anasalimia vizuri, anauliza habari za mbuzi, anapita. Penina, ambaye ana roho kubwa kuliko yangu, akaamua kumpelekea mlenda kwenye bakuli lile la bati. Jioni bakuli likarudi. Lilikuwa limeoshwa mpaka bati limekwaruzika, limekaushwa, na ndani hamna kitu. Hamna karanga, hamna chumvi. Penina aliligeuza akalitazama chini, kama vile kilichokosekana kingekuwa kimejificha huko. Akapeleka tena siku nyingine. Likarudi tupu. Mara ya tatu Elieza akasema atalifuata mwenyewe, na mimi nikaenda naye kwa sababu sikumwamini atasema la maana.

Tulimkuta Yotham mlangoni, bakuli liko mbele yake kwenye mkeka, linang'aa.

"Yotham," Elieza akamwambia, "bakuli langu mbona linarudi tupu?"

Yotham alilitazama bakuli, hakututazama sisi.

"Naogopa, ndugu yangu," alisema.

Elieza akachuchumaa mbele yake. "Tia hata chumvi."

Yotham alisimama akaingia ndani. Tulimsikia akifungua kopo, akalifunga, akafungua jingine. Tukasikia chumvi ikimwagika sakafuni, kisha hatukusikia kitu. Tulingoja. Ng'ombe wake walirudi wenyewe kutoka machungani wakaingia zizini, na yeye alikuwa bado hajatoka. Elieza hakumwita. Alilichukua bakuli, akaweka kiganja chake ndani yake kidogo, akainuka, tukarudi nyumbani.

Penina alikuwa ametoka nje kutungoja. Aliona kwamba halina kitu. Alilipokea kwa mikono miwili, vilevile tunavyopokea lililojaa.